Nesi na Kiti cha Mbele

Nesi hajawahi kuniita kwa jina langu. Ananiita Mbili na Nusu, kwa sababu ndizo kilo nilizokuwa nazo aliponiweka kwenye mizani siku niliyozaliwa. Hata sasa, ambapo vifungo vya shati langu vinajikaza visikatike, akiniona ng'ambo ya barabara pale Same hupaza sauti ile ile na watu hugeuka kumtafuta mtoto mchanga. Si mimi peke yangu. Kwetu Suji, na huko Gonja alikofanya kazi ya ukunga hadi alipostaafu, kuna watu wazima wenye ndevu na vyeo wanaojulikana kwa kilo zao. Mwenyekiti wa kitongoji chetu ni Tatu Kamili, na kwenye kampeni huwa anawakumbusha wapiga kura.

Ukimwamkia Nesi, jiandae. Shikamoo yake haiitikiwi bure. Atasema marahaba, kisha atakushika mkono, na usidhani anakusalimia, anahesabu mapigo ya moyo. Macho yake yako kwenye ile saa ndogo aliyoibandika kifuani, ambayo alistaafu nayo, na wewe unasimama hapo sokoni na kabichi lako kwapani mpaka akuachie. Akikuachia bila neno, siku yako ni njema. Akisema "mh," nenda kapime.

Nampenda sana, niseme mapema, ili nikianza kumsema nisieleweke vibaya. Maana ana vituko. Amewakataza sukari watu wa mlima mzima, na chai yake mwenyewe inatiwa vijiko vitatu vilivyojaa. Ukimtazama tu, anakuambia yeye anajua anachokifanya. Anahubiri kuwahi, eti dakika tano zinatosha kumpoteza mtoto, na yeye hajawahi kuwahi popote, kwa kuwa hawezi kumpita mtu njiani bila kumwuliza habari za mgonjwa wake. Kanisani wakati wa sala hufumbua jicho moja. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini, akanijibu kwamba mkunga akifumba macho yote mawili, mtoto ataokotwa sakafuni.

Kuendesha gari alijifunza baada ya kustaafu, umri ambao wenzake walikuwa wanajifunza kukaa kivulini. Gari lenyewe ni dogo, la rangi ya fedha, lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika, kama yalivyo karibu magari yetu yote. Lami ikishamwacha pale Makanya na njia ikaanza kupanda kuja Suji, anaweka gia ya pili na haibadilishi mpaka afike kanisani. Kila kona honi. Kwenye kona zenye korongo haruhusiwi mtu kuongea, wala kukohoa kama unaweza kujizuia. Kwa mwendo huo huo wa konokono amewateremsha wajawazito wengi kwenda hospitali, na watoto wawili hawakusubiri, wakazaliwa kwenye kiti cha nyuma. Hao hawana kilo, kwa kuwa mizani ilikuwa mbali. Mmoja anaitwa Kona.

Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu kiti cha mbele, kwa sababu bila hilo mtu wa mbali hatatuelewa. Kwetu gari likifunguliwa milango, hakuna anayeuliza nani akae wapi. Macho yanazunguka, umri unapimwa kimya kimya, na mkubwa kuliko wote anaongozwa mbele. Wakiwa wazee wawili wa rika moja, safari itachelewa, kila mmoja akimsukuma mwenzake aingie na kila mmoja akitaka kusukumwa zaidi. Kijana akikaa mbele na mzee yuko nyuma, habari itafika kwa mama yake kabla yeye hajafika.

Katika gari la Nesi mkubwa alikuwa mama mkwe wake, ambaye sote tunamwita Bibi. Nesi ni mjane, na hao wawili wanaishi nyumba moja, wanapendana na kubishana kuanzia asubuhi. Bibi alikaa mbele miaka yote. Fimbo katikati ya magoti, mkoba mapajani, kidevu juu, akiitikia salamu za barabarani kama askofu aliyekuja kubariki mashamba. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu wa mtoto wa jicho, kwa hiyo aliitikia hata salamu za migomba, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia.

Basi siku moja redio ikatangaza kwamba kampuni moja kubwa ya magari inayaita magari yake ya aina fulani yarudi yarekebishwe. Kasoro ilikuwa kwenye mfuko wa hewa wa abiria wa mbele, ule unaojificha ndani ya dashibodi na kufumuka gari likigonga. Kadiri ulivyozeeka kwenye joto, ungeweza kufumuka kwa nguvu iliyopitiliza na kumrushia aliyekaa hapo vipande vya chuma usoni. Kubadilisha ni bure, alisema mtangazaji, kisha akaweka muziki.

Wengi tulisikia, tukaendelea na makande yetu. Nesi peke yake aliacha kijiko. Kwake jambo hilo halikuwa geni hata kidogo. Hospitalini, bachi ya dawa, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, ikitangazwa kuwa mbovu, hushindani nayo. Unasoma namba kwenye kila boksi, zilizotajwa unaziondoa kabatini siku hiyo hiyo, hata kama mgonjwa aliyezinywa jana anacheka pale kitandani. Huwa anasema dawa ikishaitwa irudi, usiisubiri imuue mtu ndipo uamini.

Kesho yake aliteremka Same hadi dukani kwangu. Nina duka la steshenari karibu na stendi, natoa kopi na kuwasaidia watu kuingia kwenye mitandao ya ofisi. Aliniletea namba ya chesisi ya gari lake, ameiandika nyuma ya kadi ya kliniki. Nikafungua ukurasa wa kampuni, nikaandika namba, jibu likaja kwamba gari hilo halimo kwenye orodha. Nikampongeza. Nilikuwa nimeshaanza kumhudumia mteja mwingine aliposema tusome tena, yeye asome na mimi niangalie, halafu mimi nisome na yeye aangalie, kama wanavyofanya manesi wawili kabla ya kumtundikia mtu damu. Nikaona ananipotezea muda, ila kwa adabu nikakubali. Kumbe mahali palipokuwa na nane mimi niliweka sita. Tulipoiweka sawa, maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo.

Sijisikii vizuri kulikumbuka hilo hadi leo. Kwa haraka yangu ya kumaliza foleni, ningemrudisha Bibi kwenye kile kiti na pongezi juu. Nesi hakunilaumu. Alinishika mkono, akatazama saa yake ya kifuani, akaniambia ninywe maji.

Kutoka kwangu alikwenda kwa fundi wake, kijana hodari mwenye gereji upande wa pili wa barabara kuu. Fundi akamwambia asihangaike, yeye atachomoa waya za huo mfuko, na taa ya dashibodi ikiwaka kulalamika atachomoa na taa. Nesi akamjibu kwamba hakuja kumnyamazisha mtoto, amekuja kumtibu, na kwamba kitu kinacholipuka hakichokonolewi na bisibisi ya kuazima. Fundi alicheka, akakubali kwamba kweli bisibisi ilikuwa ya kuazima.

Watani wetu Wachaga husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sibishi. Nesi alipanda basi kwenda Moshi kwa wakala wa kampuni ile, na mimi nikamsindikiza kubeba mafaili. Alikuwa na kadi ya gari, karatasi ya bandarini, karatasi yangu yenye maandishi mekundu, na nakala za kila kimoja ndani ya bahasha nyingine endapo ya kwanza itapotea. Karani wa mapokezi, kijana mwenye tai, alizipitia vizuri, kisha akasema kwa upole kwamba gari hili hawakuliuza wao, limeagizwa moja kwa moja kutoka Japani.

"Mwanangu," Nesi akamwambia, "mtoto aliyezaliwa nyumbani akiletwa hospitali na surua, tumwambie mama yake hatukumzalisha sisi?"

 Karani akachukua karatasi zile, akaingia ndani, na aliporudi alikuja na bosi wake. Bosi akasema gari litatengenezwa bila malipo kama walivyoagizwa, ila kifaa lazima kiagizwe na itachukua miezi. Mpaka hapo, mtu yeyote asikae mbele upande wa abiria. Tukashukuru, tukarudi tukiimba. Tulidhani lililo gumu limeisha.

Lililo gumu lilikuwa linatungoja Suji, limeshika fimbo. Nesi alimweleza Bibi habari ya mfuko, na Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama gari limewahi kugonga. Halijawahi. Akauliza kama yeye, Bibi, amewahi kulalamika kwamba kiti kinamwuma. Hajawahi. Basi, akasema, tatizo liko wapi. Siku ya safari akaenda moja kwa moja kwenye mlango wake wa kila siku. Na Nesi, ambaye kwa akili zake zote alikuwa amewaza kwamba kiti kikikutwa kimejaa hakutakuwa na ubishi, alikuwa ametangulia kuweka pale mbele mkungu wa ndizi za kupeleka Same, na ili usianguke kwenye kona akaufunga mkanda.

Bibi aliupapasa ule mkungu kuanzia juu hadi chini. Watu waliokuwa njiani wakienda sokoni walisimama.

"Mkungu huu umemzaa nani katika nyumba hii," Bibi akauliza, "mpaka ukae mbele na mimi nikae nyuma?"

Hakupanda. Kufikia jioni habari zilikuwa zimevuka bonde: Nesi, mtu wa kanisa, anaheshimu ndizi kuliko mama mkwe wake. Kina mama wa kwaya walimtembelea wawili wawili kumshauri. Na Bibi, Mpare halisi, akaitisha kikao cha ukoo.

Nilihudhuria kama shahidi wa kompyuta. Kesi ilichukua Jumamosi nzima na chungu kizima cha makande. Wazee walimhoji Nesi, wakanihoji mimi, wakatoka kwenda kuligusa gari, mmoja akalinusa. Nesi alijitetea vizuri sana kuhusu vyuma na joto, lakini kila alipofika kwenye ndizi alirudi haraka kwenye vyuma, maana hata yeye alishaona kosa lake. Uamuzi ukatoka kabla ya jua kuzama. Kwamba kiti ni kibovu, na kimekatazwa kwa binadamu wote bila kujali umri, kwa hiyo hakuna aliyevunjiwa heshima kwa kukosa kukikalia. Kwamba ndizi ziende kwenye buti. Na kwamba mkwe aombe radhi. Nesi alipiga goti, akaomba radhi kwa moyo, Bibi akapokea, wakakumbatiana na sisi tukapiga makofi.

Halafu Bibi akasema amesamehe, ila gari hilo hatalipanda mpaka kiti chake kipone.

Hapo ndipo kicheko kilipotukauka. Bibi alikuwa amepewa tarehe ya kupasuliwa jicho huko Same, tarehe aliyoingoja muda mrefu, na akiikosa atarudi mwisho wa foleni. Ukungu ulikuwa umeshazidi. Chai alikuwa anaimimina pembeni ya kikombe. Kupanda pikipiki hawezi, na kupanda lori la tangawizi kutoka Myamba, linalopita kwetu mara moja moja, alisema hiyo ni adhabu ya Nesi si yake. Wiki zikaenda. Kila siku Nesi alipiga simu Moshi, mpaka yule karani akawa anapokea kwa kusema shikamoo mama, bado.

Mimi nilichoka kuwaza, nikamshauri Nesi amwache tu bibi wa watu akae mbele siku hiyo, safari moja, tena yeye anavyoendesha hata kuku wanampita. Alinitazama kwa huzuni ambayo sijaizoea usoni mwake.

"Kila aliyegonga alikuwa na safari moja tu," akasema.

Nikaona haya. Alikuwa na hofu kweli kweli, na hofu yake ilikuwa na pande mbili: akimpa Bibi kiti anaweza kumpoteza, akimnyima anaweza kumwacha gizani. Usiku alikuwa halali vizuri, aliniambia hivyo mwenyewe, mtu ambaye huwa hasemi ugonjwa wake.

Kifaa kilifika Moshi siku tano kabla ya ile tarehe. Tukalipeleka gari, mimi nimekaa nyuma, kiti cha mbele kitupu. Kazi yenyewe haikuchukua hata saa mbili. Nesi alikataa kusubiri kwenye viti vya wageni. Alisimama karakanani mikono nyuma, kama daktari mkuu anapopita wodini, na kabla mfuko mpya haujafungwa akaomba namba yake isomwe mara mbili. Fundi wa pale akasoma, yeye akaangalia. Yeye akasoma, fundi akaangalia. Wakampa karatasi yenye mhuri. Yule karani alitoka nje kutuaga, na Nesi akamshika mkono kwa muda mrefu, akamwambia apunguze chumvi.

Bibi alitaka asomewe karatasi yote, pamoja na mhuri. Kisha akaipapasa dashibodi taratibu, kama Nesi anavyopapasa tumbo la mjamzito, akasema haya. Asubuhi ya tarehe ile aliteremka kutoka Suji akiwa amekaa mbele, kidevu juu, na njia nzima ikamsalimu.

Jicho lilipasuliwa salama. Siku iliyofuata bandeji ikatolewa, na tukaanza safari ya kurudi, Bibi mahali pake mbele, Nesi kwenye usukani, mimi nyuma na dawa za matone. Lami yote hadi Makanya Bibi alikuwa anasoma mabango kwa sauti. Tukaanza kupanda. Kona ya kwanza yenye korongo ilimkuta anageuza kichwa kutazama nje.  Kona ya pili akaishika fimbo kwa mikono miwili.

"Mkwe," akasema polepole, "njia hii huwa iko hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Siku zote?"

"Siku zote, mama."

"Simamisha gari. Nipeleke nyuma."

Nesi alisimamisha pale penye uwazi, akazima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mabega yote yanatikisika, na Bibi akaanza kucheka naye, na mimi nikashuka nje kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya kicheko changu. Tukabadilishana viti. Hivyo ndivyo nilivyopanda hadi Suji, kwa mara ya kwanza maishani, nimekaa mbele ya mwenye mvi, na kweli habari ilimfikia mama yangu kabla yangu.

Mwezi uliopita nilimkuta Nesi pale stendi ya Same, anangoja usafiri. Siku hizi haendeshi sana, magoti yanamsumbua, na gari lake amempa mpwa wake kwa masharti yanayojaza daftari. Furaha ilinijaa, kwa sababu mimi nami nimenunua gari, nina miezi minane nalo, la Japani, bluu, na nilikuwa natafuta nafasi ya kumwonyesha. Nikampokea mkoba, nikamfungulia mlango wa mbele kwa mikono miwili, nikamkaribisha. Amekuwa mzee sasa. Kiti ni chake kwa haki.

Alilisifu gari kwa moyo wote. Akaligusa, akauliza matairi. Kisha akasimama pale mlangoni bila kuingia.

"Namba yake umeiangalia?"

Sikuwa nimeiangalia. Mimi, shahidi wa kompyuta. Miezi minane nimempakia mke wangu pale mbele, amempakata mtoto, na ukurasa ule naufungua kwa ajili ya watu wengine karibu kila wiki. Nikaanza kusema gari hili ni la miaka ya karibuni, nikasikia mwenyewe ninavyosema, nikatoa kadi ya gari.

Tulivuka hadi dukani. Alisoma yeye, nikaandika mimi. Nikasoma mimi, akaangalia yeye. Maandishi yakatoka mekundu, nikakaa kwenye kiti cha wateja nikimwaza mwanangu. Nesi alinishika mkono, akaacha hata kutazama saa. Akasema wote wazima, tumshukuru Mungu, na Moshi tutakwenda Jumatatu, bahasha mbili.

Kisha akatoka, akafungua mwenyewe mlango wa nyuma, akaketi na mkoba wake mapajani. Tulipanda hivyo hadi Suji, mimi mbele peke yangu na yeye nyuma, akipunga mkono dirishani kwa furaha yake yote, na kila aliyetuona njiani alinitazama kama mtoto asiyefunzwa adabu.